Ziara ya Kwanza kwa Mtoto Aliyetolewa Taarifa: Mwongozo kwa Afisa Ustawi wa Jamii

Taarifa za ukatili dhidi ya watoto hufika ofisini zikiwa nusunusu. Jirani amesikia kilio usiku, mwalimu ameona mwanafunzi hawezi kukaa vizuri kwenye dawati, muuguzi ameona maelezo ya mzazi hayaendani na jeraha. Siku hiyo ya kwanza hujatumwa kuthibitisha kosa. Umetumwa kumwona mtoto kwa macho yako, kujua kama usiku wa leo atalala salama, na kuandika ulichokiona kwa namna ambayo hakimu, daktari au afisa mwenzako anaweza kuitegemea.

Kabla ya kutoka

Mpigie mtoa taarifa mwenyewe. Muulize ameona au amesikia, lini, mara ngapi, mtoto yuko wapi sasa hivi na yuko na nani. Uliza pia watoto wengine wanaoishi pale, maana anayetajwa si lazima awe ndiye aliye hatarini zaidi. Kisha tafuta majalada ya zamani kwa kila tahajia ya jina, kwa jina la mama, kwa tarehe ya kuzaliwa na kwa anwani za awali. Familia huhama, na taarifa tatu ndogo za miaka tofauti zikiwekwa pamoja huweza kuonyesha jambo ambalo hakuna hata moja kati yake iliyolionyesha peke yake. Jina la mtoa taarifa lisitamkwe nyumbani kwa familia hata ukibanwa.

Kuna taarifa ambazo hazingoji kesho: mtoto mchanga mwenye jeraha lolote, mtoto mdogo aliyeachwa peke yake, mtoto anayesema anaogopa kurudi nyumbani, mlezi anayetishia kuua au kujiua, na tuhuma ya ukatili wa kingono ambapo mtuhumiwa anaishi humo humo. Hii ya mwisho ina saa zake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU (PEP) lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake; dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120. Mtoto asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kufika hospitali. Panga na polisi mapema nani atazungumza naye, kwa sababu mtoto anayehojiwa upya na kila ofisi huchoka, na maelezo yake hushambuliwa mahakamani.

Mwachie msimamizi anwani unayokwenda na saa utakayopiga simu. Kama kuna dalili ya silaha au ulevi, msiende chini ya wawili.

Mlangoni

Salimia, taja jina na ofisi, onyesha kitambulisho, sema ukweli: “Tumepokea taarifa ya wasiwasi kuhusu usalama wa mtoto. Ninatakiwa nimwone, kisha nikusikilize na wewe.” Ukidanganya kwamba umekuja kwa sababu nyingine, imani haitarudi.

Ukiambiwa amelala, mwone akiwa amelala. Ukiambiwa yuko kwa shangazi, uliza shangazi yupi, wapi, kisha nenda huko siku hiyo hiyo. Ziara iliyoisha bila mtoto kuonekana bado haijafanyika, hata kama mama alikuwa mkarimu na nyumba safi.

Mwilini

Wewe humvui mtoto nguo. Hiyo ni kazi ya daktari. Kwa mtoto mchanga, mwombe mlezi ambadilishe nepi mbele yako, na utaona mengi. Mtoto anayetembea huwa na michubuko ya magoti, muundi na paji la uso. Kinachotakiwa kukushtua ni mchubuko wa kiwiliwili, sikio au shingo kwa mtoto wa chini ya miaka 4, na mchubuko wowote ule kwa mtoto wa chini ya miezi 4. Asiyejiviringisha wala kutambaa ni nadra kujichubua.

Usikadirie umri wa mchubuko kwa rangi yake. Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba rangi haiaminiki, na sentensi kama “mchubuko wa siku tatu” inaweza kuangusha ushahidi wako wote. Kwenye ngozi nyeusi, angalia kwa mwanga wa mchana na uandike uvimbe na maumivu. Tahadhari nyingine: watoto wengi wenye ngozi nyeusi huzaliwa na madoa ya bluu-kijivu mgongoni na matakoni. Hayaumi, na hayabadiliki ndani ya siku chache kama mchubuko.

Ukiwa na shaka, daktari aamue. Na daktari akishaamua, wewe usiache kufikiri. Victoria Climbié, mtoto aliyefariki London Februari 2000 akiwa na miaka 8 kwa mateso ya walezi wake, alipelekwa hospitali mwaka 1999 akiwa na majeraha, yakaelezwa kuwa upele. Uamuzi huo ukawapoza karibu wote waliofuata. Uchunguzi wa Lord Laming kuhusu kifo chake, uliotoka mwaka 2003, ulieleza kwa kirefu nafasi za kumwokoa zilivyopotea moja baada ya nyingine.

Kuzungumza na mtoto

Hapa ndipo penye uzito wa siku nzima. Zungumza naye mbali na mlezi. Shuleni mara nyingi ni bora kuliko nyumbani. Keti usawa wake. Mkalimani asiwe ndugu wa familia. Anza kwa kumpa ruhusa mbili: “Usipojua, sema sijui. Nikikosea, nisahihishe.” Kisha mzoeshe kusimulia jambo la kawaida: “Nieleze leo asubuhi tangu ulipoamka.” Akishazoea, sogea: “Nimesikia kuna jambo linakusumbua. Nieleze.” Baada ya hapo maneno yako makuu ni mawili tu, “halafu ikawaje?” na kimya. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuuliza tena.

“Baba alikupiga kwa mkanda, si ndiyo?” ni swali lililokwisha kujibiwa na muulizaji. “Kwa nini hukusema?” humpa mtoto lawama. Kurudia swali lile lile humfanya adhani jibu la kwanza lilikuwa baya, naye atalibadilisha ili akuridhishe. Mtoto mdogo hawezi kukupa tarehe wala idadi ya mara. Mfungamanishie na matukio anayoyajua.

Usimwahidi siri. Mwambie utawaeleza wale tu wanaoweza kumlinda, na utamtajia ni akina nani. Akishasema ya kutosha kujua kwamba ameumizwa, acha kuchimba. Mahojiano ya kina ni ya mtaalamu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa haki ya kusikilizwa, kwa hiyo muulize pia yeye mwenyewe anataka nini kitokee.

Mlezi, umaskini na uamuzi

Pata maelezo ya mlezi, kisha uyarudie baadaye kwa njia nyingine. Yakibadilika, andika yote mawili. Yalinganishe na umri: mtoto wa miezi miwili hakuvunjika paja kwa kupanda kiti.

Sufuria tupu kwa kukosa fedha si utelekezaji. Utelekezaji ni pale kilichopo kinaponyimwa mtoto, au msaada unapokataliwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi. Familia kama hiyo itafutie msaada, na ufuatilie hadi uwafikie.

Usiondoke bila uamuzi: abaki, abaki kwa mpango wa usalama, au aondolewe. Ahadi ya mtuhumiwa kwamba hatarudia si mpango. Mpango una mtu mzima mwenye jina, aliyekubali, atakayekuwepo usiku huo, na simu yake inapokelewa. Ikibidi kumwondoa, fuata kibali ambacho sheria inakitaka, angalia ndugu kwanza, usitenganishe watoto wa tumbo moja, na chukua dawa zake, kadi ya kliniki, sare na kitu anachokipenda. Mweleze anakokwenda.

Kuandika

Andika siku hiyo hiyo, sehemu tatu zisizochanganyika: nilichoona, nilichoambiwa na nani, ninachofikiri. “Nyumba chafu, mama hana ushirikiano” haimsaidii mtu. Andika hivi: “Saa 10:20 jioni. Godoro moja sakafuni, limelowa, lina harufu ya mkojo. Mama alikataa nione chumba cha nyuma, akasema: ‘Ufunguo anao mume wangu.’” Maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, hata majina anayoyapa viungo vyake, pamoja na swali lililoyatangulia. Andika pia usichokiona na sababu yake. Chumba hicho cha nyuma ni kazi ya ziara ijayo, na tarehe yake iingie kwenye jalada kabla hujatia saini.