Kulisoma joka la Upotovu bila kupotea msituni

Kwanza iweke penseli mbali. Niliposoma mara ya kwanza kitabu cha kwanza cha The Faerie Queene, utenzi wa Edmund Spenser uliotoka 1590, niliandika pembeni "shujaa ni wema, joka ni kosa", nikajiona nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimeuruka msitu mzima.

Anzia mvuani. Shujaa wa Msalaba Mwekundu, bibi Una juu ya punda wake mweupe, na mbilikimo mchukuzi wanakimbilia mitini kujikinga. Beti za 8 na 9 za wimbo wa kwanza (canto) zisome kwa sauti, polepole. Miti inasifiwa mmoja mmoja: msonobari, mwerezi, mwaloni. Kila ubeti una mishororo tisa, na wa mwisho ni mrefu kuliko wenzake, kama mtu anayekokota mguu hataki kuondoka. Utanogewa. Nao wamenogewa vivyo hivyo, hata mvua inapokatika njia waliyoingilia hawaioni tena. Mti wa kufungia orodha ni mepo (maple), ambao mshairi anasema ni nadra kuwa mzima ndani. Wakitafuta pa kutokea wanafuata njia iliyokanyagwa zaidi, na hiyo ndiyo inayowafikisha pangoni kwa joka. Jina la joka, Errour (Upotovu), asili yake ni neno la Kilatini la kutangatanga. Sisi tunaosema mtu kapotea njia na mwingine kapotoka tabia hatuna haja ya kufafanuliwa.

Pangoni, Una anaonya. Shujaa anajibu kwamba wema hujimulikia wenyewe gizani. Pigia mstari hapo (penseli sasa ruksa), kisha utazame mwanga wenyewe: deraya yake inatoa kimwanga hafifu, karibu sawa na kivuli. Tena deraya hiyo ina makovu ya vita vya zamani, ilhali yeye hajawahi kushika silaha. Katika barua yake kwa rafiki yake Walter Raleigh, Spenser anaeleza kuwa ni silaha za Mkristo alizozitaja Paulo, ile dirii ya Waefeso. Basi mkia wa joka unapomviringa shujaa, kinachomtangulia kumwokoa si upanga. Ni sauti ya Una ikimwambia aongeze imani juu ya nguvu zake.

Ubeti wa 20 wengi huukunjia pua: joka linatapika vitabu na karatasi, na vyura wasio na macho. Usiupite mbio. Katika Uingereza ya Elizabeth I, Waprotestanti na Wakatoliki walirushiana vijitabu, na msomaji wa siku zile aliijua harufu hiyo.

Kichwa kikishakatwa, usifunge kitabu. Endelea hadi ubeti wa 29, kwa mzee wa joho jeusi, miguu mitupu, kitabu kikining'inia mkandani. Huyo ni Archimago, mchawi aliyejivika utawa. Mkia hana, na usiku uleule anamnasa shujaa kwa ndoto. Ukifika hapo, rudi kwenye ule mti wa mepo.