Kuku wa viungo vya Kichina kwa jiko la mkaa au oveni

Vipimo hivi ni vya kilo 1 ya mapaja ya kuku wa kisasa, yenye mfupa na ngozi. Kidari kinafaa pia, ila hukauka upesi, kwa hiyo ukikitumia punguza dakika. Kuku wa kienyeji ana njia yake, iko mwishoni.

Unga wa viungo vitano

Wachina huchanganya anisi ya nyota (lile ganda la kahawia lenye pembe nane), shamari, mdalasini, karafuu na pilipili ya Sichuan. Vitatu kati ya hivyo mtu wa Tanga hahangaiki navyo: mdalasini hulimwa milimani Amani, karafuu zipo hapo ng'ambo, Pemba, na shamari utaipata kwa wauza viungo wa Ngamiani. Usiichanganye na bizari nyembamba. Zinafanana kwa macho, lakini shamari ni nene kidogo, ina ukijani, na ukiitafuna ni tamu. Ukitia bizari nyembamba utapata harufu ya pilau, na Uchina umeshaondoka hapo.

Pima hivi:

- anisi ya nyota 4
- shamari vijiko vya chai 2
- mdalasini kipande cha sentimita 5
- karafuu 8, zihesabu
- pilipili ya Sichuan vijiko vya chai 2. Ukiikosa, pilipili manga kijiko 1. Hutapata ule ukali wa kutia ganzi ulimini, lakini mchanganyiko utasimama.

Kaanga bila mafuta kwa moto mdogo, dakika 2 hadi 3, ukikoroga mpaka harufu ipande. Ukiona moshi, ujue umechelewa: vimwage uanze upya, kwa kuwa uchungu wa kiungo kilichoungua hauondoki kwa sukari. Acha vipoe kabisa ndipo usage. Vikisagwa vya moto hutoa mvuke, na kwa hewa ya pwani unga utaganda kwenye chupa. Pitisha kwenye chekecheke, maana kijiti cha anisi hakisagiki vizuri. Unaobaki weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza na uumalize ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Kuhusu hizo karafuu: zikizidi, kuku atanukia chumba cha daktari wa meno. Mafuta ya karafuu ndiyo hayo hayo yanayotumika kutuliza jino.

Rojo la kulowekea

- soya sosi nyepesi vijiko vya chakula 4
- soya sosi nyeusi nzito kijiko cha chai 1, kwa ajili ya rangi tu
- unga wa viungo vitano kijiko cha chai 1 na nusu
- tangawizi mbichi iliyoparuzwa kijiko cha chakula 1
- kitunguu saumu punje 4, zitwangwe
- sukari ya kahawia au asali kijiko cha chakula 1
- juisi ya chungwa vijiko vya chakula 2
- mafuta ya ufuta kijiko cha chai 1

Chumvi usitie. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi kina chumvi ya gramu 2 na ushei, kwa hiyo vijiko vinne vinatosha kilo nzima. Juisi ya chungwa imeshika nafasi ya mvinyo wa mchele ambao mapishi mengi ya Kichina huutaja, na machungwa ya Muheza yanaifanya kazi hiyo vizuri. Ukiwa na ganda la chenza lililokaushwa juani, tia kipande. Wachina nao hulitumia. Ndimu iache kando. Asidi yake ni kali, na nyama ikilala nayo usiku kucha ngozi ya juu huwa kama chaki.

Hatua ya 1: kausha nyama. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuku aliyetoka kwenye maji akaingizwa moja kwa moja kwenye rojo hulizimua, kisha jikoni huchemka badala ya kuchomeka. Mchuje, kisha mfute kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni mpaka ngozi inate kidoleni.

Hatua ya 2: chanja. Kila paja mikato miwili au mitatu, ifike karibu na mfupa. Chumvi huzama ndani ya nyama, lakini harufu ya viungo huishia milimita chache tu, hata ukiloweka siku mbili. Mikato ndiyo inayoipa njia.

Hatua ya 3: loweka. Sugua rojo mpaka ndani ya mikato, funika, weka kwenye friji saa 4 hadi usiku mmoja. Usipitishe saa 24, nyama itakuwa na chumvi na kukakamaa. Huna friji? Dakika 40 zinatosha, kisha pika. Kwa joto la Tanga, kuku mbichi asikae mezani zaidi ya saa moja.

Hatua ya 4: pika. Toa vipande, vikung'ute rojo, na rojo hilo ulihifadhi.

Kwa oveni: nyuzi 200, vipande juu ya wavu na sinia chini yake, dakika 35 hadi 45.

Kwa mkaa, tumia moto wa juu na chini kama wa mkate wa kumimina. Pasha sufuria nzito kwanza, tandika duara nene za kitunguu maji, panga kuku juu yake bila kubanana, funika. Theluthi ya makaa iwe chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Baada ya dakika 20 funua kwa uangalifu, majivu yasiingie, mwaga maji yaliyojitoa, geuza vipande, rudisha moto. Ukiruka kumwaga maji utakula kuku wa mvuke. Jumla ni kama dakika 45.

Kwenye wavu wa mishikaki, sukuma makaa upande mmoja, anzia upande usio na makaa, na ngozi ipelekwe kwenye moto mwishoni. Sukari huungua kabla nyama haijaiva. Nje nyeusi na ndani damu hutokana na hilo.

Dakika 8 za mwisho, paka asali kijiko 1 iliyochanganywa na soya sosi kijiko cha chai 1.

Kuiva: kipimajoto kisome nyuzi 74 katikati ya nyama, bila kugusa mfupa. Kama huna, choma penye unene, maji yatoke meupe. Kuku wa kisasa, kwa kuwa ni mchanga, huweza kuwa na wekundu kwenye mfupa hata akiwa ameiva.

Mchuzi. Rojo lililobaki limegusa nyama mbichi, hivyo lisipakwe wala kumwagwa juu ya kuku hivi hivi. Ongeza maji nusu kikombe, lichemke kwa kutokota dakika 3 au zaidi, kisha tia wanga wa mahindi kijiko cha chai 1 uliokorogwa kwa maji baridi. Ukiutia mkavu utapata madonge.

Kuku wa kienyeji. Mchemshe kwanza na tangawizi na anisi ya nyota 1, dakika 45 hadi saa moja na nusu kulingana na umri wake, mpaka uma uingie bila kulazimisha. Apoe, akaushwe, alowekwe kwa soya sosi nusu ya kipimo muda wa saa moja, kisha achomwe dakika 15 tu. Supu yake pikia tambi.

Andalia wali mweupe. Wali wa nazi ni mtamu, lakini na anisi hii vinagombana.