SOMO: Kuhamisha data za biashara kutoka Excel kwenda kwenye mfumo, hatua kwa hatua

Habari zenu wakuu, hili somo ni la wenye maduka ya jumla, maghala na wahasibu wao ambao miaka yote kila kitu kiko kwenye Excel na sasa wanataka kuhamia kwenye mfumo wa kueleweka. Mfano wangu ni duka la vifaa vya ujenzi linalohamia Odoo, programu ya kuendeshea biashara (mauzo, stoku, madeni, uhasibu), maana ndo ninayoifanyia kazi sana, toleo la Community ni la bure na chini yake inatumia databesi ya PostgreSQL, ila hatua ni zilezile hata ukienda ERPNext au mfumo mwingine wowote unaopokea faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato.

Kabla ya yote shika hili: usisahihishe data kwa mkono. Yaani ukiona jina limekosewa usiingie kwenye seli ukaandika upya, andika sheria kwenye programu ili programu ndo isahihishe. Sababu ni kwamba duka halifungwi wakati wewe unasafisha, leo unanyoosha majina ya wateja, wiki ijayo mtu wa kaunta ameshaongeza wengine na madeni yamebadilika, sasa kama ulifanya kwa mkono unaanza moja, kama ni sheria unaiendesha tena juu ya faili jipya na dakika chache imeisha.

HATUA YA 1: Kusanya mafaili yote
Na nikisema yote namaanisha yote. Laptop ya bosi, flash ya mhasibu, simu ya mtu wa stoo, na lile daftari la madeni pale kaunta ambalo watu hulisahau mpaka siku ya mwisho. Kopi zake ziweke kwenye folda moja iite "ghafi" na baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa, kazi yote inafanyika kwenye kopi nyingine.
Angalia pia kama kuna mafaili ya zamani yenye mwisho wa .xls, hayo mwisho wake ni safu (mistari ya kulala) 65,536 kwa shiti, wakati .xlsx inafika 1,048,576. Msichukulie poa hii. Mwaka 2020 shirika la afya ya umma la Uingereza lilikuwa linapitisha majibu ya vipimo vya korona kwenye mafaili ya .xls, yakajaa, na wagonjwa 15,841 wakakosekana kwenye takwimu kwa siku kadhaa.

HATUA YA 2: Chora ramani
Fungua shiti mpya yenye kolamu tatu: kolamu ya zamani, inakwenda wapi kwenye mfumo mpya, na sheria ya kuibadilisha. Kolamu isiyo na pa kwenda iandike "haiendi" na bosi aipitishe mwenyewe, ili kesho asije kuuliza iko wapi.
Halafu kuna mpangilio, huwezi kuingiza deni la mteja ambaye hayupo. Anza na vipimo na makundi ya bidhaa, fuata wateja na wasambazaji, fuata bidhaa, halafu stoku, mwisho madeni. Kwenye vipimo kaa na mtu wa stoo mwelewane kabisa, misumari inanunuliwa kwa boksi inauzwa kwa kilo, nondo zinaingia kwa tani zinatoka kwa kipande, ukikosea hapo stoku yote itasoma uongo kuanzia siku ya kwanza.

HATUA YA 3: Kusafisha (hapa ndo penye kazi)
Mimi natumia OpenRefine, programu ya kusafishia data, ni ya bure, inafunguka kwenye brauza lakini inafanya kazi ndani ya mashine yako mwenyewe, data haiendi popote. Ina kitu kinaitwa "Cluster and edit", unaipa kolamu ya majina inakuletea makundi ya yanayofanana: "Mama Neema Hardware", "MAMA NEEMA HADWARE", "Hardware Mama Neema", na wewe ndo unaamua kama ni mtu mmoja au la. Usiiachie iamue yenyewe, kina Mama Neema wawili kwenye mtaa mmoja ni kitu cha kawaida sana, linganisha namba ya simu kwanza ndo uunganishe. Na uzuri wake kila hatua inaandikwa, ukienda "Undo / Redo" unabonyeza "Extract" unapata maelekezo yote, wiki ijayo unayabandika kwenye "Apply" juu ya faili jipya yanajirudia. Angalizo tu, majina mapya yaliyoongezeka katikati hayamo kwenye maelekezo ya zamani, kwa hiyo piga cluster tena uone kama kuna wageni.

Sehemu tatu zinazoumiza watu:

Namba za simu. Excel ikiona 0712 na kuendelea inadhani ni hesabu, inakula sifuri ya mbele. Humohumo wengine wameandika +255, wengine wameweka nafasi katikati. Kwa anayetumia Python (lugha ya kuandikia programu) na pandas (nyongeza yake ya kushughulikia majedwali):

df = pd.read_excel("wateja.xlsx", dtype=str)
df["simu"] = "+255" + df["simu"].str.replace(r"\D", "", regex=True).str[-9:]

Yaani toa kila kisicho tarakimu, chukua 9 za mwisho, weka +255 mbele. Zisizofika 9 zipeleke kwenye faili la waliokataliwa. Na kama una wateja wa Kenya au Uganda watenge kabla, la sivyo wote watageuka Watanzania.

Namba za NIDA. Hii inauma zaidi. NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, Excel inashika 15 tu, zilizobaki inageuza sifuri. Ukiona kwenye seli kitu kama 1.98703E+19, au namba inaishia na sifuri tano, hiyo namba imeshakufa, hakuna programu ya kuirudisha, rudi kwenye fotokopi ya kitambulisho au mpigie mteja. Kuanzia leo kolamu hiyo iwe "Text" kabla hujaandika chochote ndani.

Tarehe. Mashine iliyosetiwa Kimarekani ukiiandikia 03/04/2023 inaelewa ni tarehe 4 mwezi wa 3, ukiandika 13/04/2023 inashindwa inaiacha kama maandishi. Kwa hiyo kolamu moja ina tarehe zilizopinduka na zilizo sawa humohumo. Dalili yake angalia kwa macho, kama hakuna aliyepanga mwenyewe, maandishi yanaegemea kushoto, tarehe halisi zinaegemea kulia, ukikuta zimechanganyika ujue kuna shida. Na ukikuta 45000 badala ya tarehe usishangae, ndivyo Excel inavyohesabu siku, hiyo ni 15 Machi 2023.

HATUA YA 4: Iwe kitufe kimoja
Unganisha yote yawe skripti moja (programu ndogo ya maelekezo yanayofuatana) inayosoma "ghafi" na kutoa vitu vitatu: mafaili safi ya CSV kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi maandishi ili herufi zisiharibike), faili la waliokataliwa na sababu ya kila mmoja, na karatasi ya jumla. Hiyo ya jumla usiiache kabisa: safu ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, ngapi zimekataliwa, jumla ya madeni kabla na baada, jumla ya thamani ya stoku kabla na baada. Zilizoingia lazima zilingane na zilizotoka ukijumlisha zilizokataliwa na zilizounganishwa. Isipolingana hata kwa moja, simama utafute.
Kila rekodi ipe kitambulisho chake cha kudumu, mfano mteja_0001, kwenye Odoo kinaingia kwenye kolamu ya "External ID". Utakishukuru huko mbele.

HATUA YA 5: Mazoezi
Tengeneza databesi ya majaribio, usiguse ile halisi. Odoo ina kitufe cha "Test" kabla ya "Import", kinakuonyesha makosa bila kuingiza kitu. Rudia mpaka hakuna kosa, halafu mwite mhasibu achague wateja wachache anaowajua kwa kichwa, alinganishe salio lao na daftari. Mhasibu anaona vitu ambavyo skripti haioni.

HATUA YA 6: Siku yenyewe
Chagua mwisho wa mwezi, jioni duka likishafungwa. Hesabuni mzigo stoo, fungieni Excel isiandikike tena, chukua bekapu, endesha skripti, ingiza, linganisha jumla. Na mkubaliane mapema saa ya kukata shauri, kwa mfano ikifika saa nne usiku jumla hazijalingana mnarudisha bekapu, asubuhi duka linafungua na Excel kama kawaida, mnajaribu mwezi ujao. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake Aprili 2018, watu hadi milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Ile ni benki yenye wataalamu na pesa, kwa hiyo kurudi nyuma siyo aibu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mi sijui kuandika programu kabisa, hiyo Python itanishinda. Nifanyeje?
Jibu: Tumia Power Query, ipo ndani ya Excel yenyewe upande wa "Data". Unaielekeza kwenye folda, inaunganisha mafaili yote yenye muundo mmoja, kila unachofanya inakiandika kama hatua pembeni, mwezi ujao unabonyeza "Refresh" tu. Kitu kimoja, ikishasoma faili huwa inajiwekea hatua ya kubadili aina za kolamu yenyewe, ifute hiyo hatua na kolamu za simu na NIDA ziweke "Text", la sivyo itakula sifuri tena.

Swali: Tuna mauzo ya miaka 7 humo, yote yahamie?
Jibu: Hapana kaka. Hamisha madeni ambayo hayajalipwa, stoku iliyopo, na salio la kuanzia. Historia iwekeni sehemu salama kwa kusoma tu, na msiifute maana TRA wakija kukagua watataka kumbukumbu za nyuma. Mkitaka ripoti za kulinganisha, wekeni jumla za kila mwezi, inatosha.

Swali: Siwezi tu kuipa AI faili lote inisafishie?
Jibu: Faili lenye majina, simu na NIDA za watu usilitupe huko. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Tunga safu chache za uongo zenye makosa kama ya kwako, mwambie akuandikie skripti, halafu skripti iendeshe mwenyewe kwenye mashine yako.

Swali: Shikamoo mkuu, mi nimeshachelewa, niliimpoti wateja mara mbili sasa kila mmoja yuko mara mbili na wengine wameshauziwa. Kuna namna?
Jibu: Marahaba. Ipo. Chukua bekapu kwanza. Halafu toa orodha ya wateja wote kwa kuchagua ile "export" inayokubali kuingizwa tena, itakuja na External ID zao. Kwenye kila jozi angalia yupi ana mauzo, huyo ndo anabaki, mwingine asiye na kitu mfiche kwa "Archive" badala ya kumfuta. Wale ambao wote wawili wana mauzo tumia "Merge" kwenye orodha ya wateja, ila wachache kwa wachache huku mhasibu yupo pembeni, kwa sababu merge ukishaifanya hairudi nyuma. Mara ijayo ukiingiza faili lenye External ID zilezile Odoo itasahihisha waliopo, haitaongeza wapya.

Swali: Stoku imeingia lakini inasoma sifuri kwenye bidhaa zote?
Jibu: Umeingiza idadi kwenye faili la bidhaa. Bidhaa zinaingia peke yake, idadi inaingia kwenye sehemu ya kuhesabu stoku ghalani, na baada ya kuingiza lazima ubonyeze "Apply", usipobonyeza itabaki kuwa hesabu iliyopendekezwa tu. Ikigoma bado, angalia kama aina ya bidhaa umeiweka kuwa ya kufuatiliwa stoku, ikiwa ni huduma haitashika idadi.