Kabla ya kukwangua dari ya bisi

Nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1980 zina dari yenye chengachenga, ambayo wenyeji huiita kwa jina la bisi kwa jinsi inavyofanana nazo. Wajenzi waliipenda kwa sababu ilificha maungio ya jipsamu bodi (mabamba ya plasta yanayotengeneza dari) yaliyomalizwa harakaharaka. Ukiikwangua, kazi ile ambayo fundi hakuimalizia inakuangukia wewe, na hapo ndipo hela nyingi huishia.

Tangulia na kipimo cha asbesto, nyuzi za madini zenye kudhuru mapafu zilizochanganywa katika baadhi ya dari hizi. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku kunyunyizia asbesto kwa mapambo mwaka 1978, lakini shehena iliyokuwa tayari ghalani iliendelea kutumika, kwa hiyo hata nyumba ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 si ya kuaminiwa. Kwa macho haijulikani. Lowanisha dari kidogo, chukua kiasi cha kijiko cha chai sehemu 3 tofauti, tia kila sampuli katika mfuko wake unaofungika, upeleke maabara yenye kibali. Asbesto ikizidi asilimia 1, usikwangue: iache kama ni nzima, au ita kampuni yenye leseni, na bei hapo hupanda mara kadhaa. Barakoa ya N95 haikingi nyuzi zile ipasavyo, na kifyonza vumbi cha kawaida huzitapanya nyumba nzima.

Swali la pili ni rangi. Nyunyizia maji eneo la futi 1 ya mraba, subiri dakika 15, kisha pitisha kikwanguo. Ikitoka laini kama uji mzito, una bahati. Maji yakitiririka na chenga kubaki ngumu, imepakwa rangi, na rangi ya kabla ya 1978 huenda ina madini ya risasi, nayo ipimwe. Kwa dari ya namna hii, mara nyingi ni nafuu kuifunika kwa bodi nyembamba za robo inchi au inchi 3/8. Tafuta mbao zilizobeba dari na uzichore kwanza. Skrubu zisipozipata, bodi italegea. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 ina uzito wa kilo 17 hadi 20, si kazi ya mtu mmoja.

Chumba kitolewe kila kitu. Zima umeme kwenye breka, kwa maana maji yatafika kwenye taa. Ondoa feni ya dari, ziba matundu ya kiyoyozi na ukizime. Sakafu itandikwe plastiki nene yenye kupanda ukutani kidogo, kuta plastiki nyepesi. Utelezi wa tope lile huangusha watu kwenye ngazi zaidi kuliko unavyodhani.

Lowanisha kipande cha futi 4 kwa 4 kwa wakati mmoja, kwa pampu ya bustani yenye maji na tone la sabuni ya vyombo. Maji yakizidi, karatasi ya bodi huvimba na utepe wa maungio hubanduka. Sugua kwa tupa ncha mbili za kikwanguo ziwe mviringo, la sivyo zitachana bodi, na kila mchano ni kiraka cha baadaye.

Kukwangua chumba cha futi 12 kwa 12 ni kazi ya siku moja. Kukimalizia ni siku tatu au nne: skimu, yaani plasta laini ya kusawazisha, mikono miwili au mitatu (ndoo 1 hadi 2 za galoni 4.5), kila mkono ukauke kabla ya unaofuata, msasa namba 120 kisha 150, praima, ndipo rangi isiyong'aa. Fundi akikutajia bei, muulize kama ni ya kukwangua tu. Wengi hutaja hiyo peke yake, na umaliziaji hugharimu kiasi hichohicho au zaidi.

Kabla ya rangi, weka taa pembeni mwa ukuta imulike dari kwa ubavu usiku. Mabonde yote yatajitokeza, na wakati huo bado yanazibika kwa skimu.