Mwendelezo wa riwaya ya kijasusi umekuboa? Fanya hivi kabla hujamsusa mwandishi

Umesubiri miaka, umeshawatambia watu wote kwamba huyu mwandishi hajawahi kukosea, kitabu kimefika umezima taa zote umebakiza moja ya kusomea, halafu ukurasa wa 60 unajikuta umeshika simu na wala hukumbuki umeishika saa ngapi. Pole. Mimi yamenikuta, na kwa mwandishi ambaye ningemtetea mbele ya mtu yeyote, ndo maana naandika haya.

Kwanza kabisa usiandike popote kwamba kitabu ni takataka, subiri. Hasira ya ukurasa wa 60 haijui inachokasirikia. Chukua penseli (kama unasomea kwenye simu weka alama humohumo) na endelea kusoma, kila unapojikuta umerudia aya moja mara tatu au umeinuka kwenda kunywa maji ambayo hata huna kiu nayo, piga kistari pembeni. Usiandike sababu, kistari tu. Ukimaliza au ukichoka ndo urudi kuviangalia vyote kwa pamoja. Mimi nilikuwa na vistari tisa, na saba vilikuwa vya kitu kimoja, jasusi wetu anamhadithia mtu mambo ambayo sisi tulishayaona kwa macho yetu sehemu ya kwanza, yaani mwandishi aliogopa tumesahau basi kila sura mbili anasimamisha gari anatuhesabia abiria. Kumbe nilidhani nimeichukia stori, nilichochoka ni marudio, na marudio unaweza kuyaruka.

Vile viwili vilivyobaki ndo vilivyoniuma.

Sehemu ya kwanza kuna kipande sijakisahau mpaka leo. Steringi kakaa kituo cha treni, nje mvua inamwagika toka asubuhi, anakuja bwana mmoja anakaa benchi la mbele yake, mwavuli wake mkavu kabisa. Hakuna maelezo yoyote. Steringi anakunja gazeti lake, anaacha kikombe nusu, anaondoka. Kurasa mbili mbele ndo unashtuka, aah, kumbe yule jamaa hakutoka nje, alikuwa ndani muda wote anamsubiri! Sasa njoo sehemu ya pili, mtu yuleyule, kichwa kilekile, anapigiwa simu na namba asiyoijua, anaambiwa njoo ghalani saa sita usiku na uje peke yako, na anaenda. Peke yake. Hata kuzunguka nyuma ya jengo kuchungulia hakuzunguka.

Hapo sasa una kesi. Kipimo changu ni swali moja, yule wa sehemu ya kwanza angefanya hivi? Kama asingefanya, tafuta kama kitabu kimekupa sababu. Labda kazeeka, labda anakunywa, labda kafiwa na mtu na hajali tena kufa. Sababu ikiwepo rudia sura hiyo taratibu, inawezekana ni wewe hukutaka azeeke. Isipokuwepo, basi mwandishi kamfanya mtu wake mjinga ili stori isogee, na hilo wala usimung'unye maneno, kazingua.

Ila kuna malalamiko mengine sio kesi, na hapa ndo wengi tunateleza. Katika ile miaka ya kusubiri wewe mwenyewe ulishaandika mwendelezo wako kichwani. Kwa hiyo siku nyingine kabla hujafungua kitabu andika mistari mitatu kwenye karatasi, unategemea nini kitatokea, halafu ikunje uifiche mwisho wa kitabu. Ukishamaliza ifungue. Kama lawama yako yote ni kwamba hiyo mistari haikutimia, mwandishi hana kosa hapo, alikuwa na kitabu chake na wewe ulikuwa na chako.

Na sio jambo geni. John le Carré, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kijasusi, alipata umaarufu wa dunia nzima mwaka 1963 na The Spy Who Came in from the Cold, watu wakakaa mkao wa kula, 1965 akaleta The Looking Glass War, na humo badala ya majasusi wenye akili kali akaweka kiidara kidogo kinachoishi kwa kumbukumbu za vita vilivyopita, kinatuma mtu upande wa adui na kinaharibu kila kitu. Wasomaji wake wa Uingereza hawakuipenda kabisa. Lakini alikusudia, alitaka uone upumbavu wa ile kazi bila shujaa wa kukufariji. Ian Fleming naye 1962 aliandika kitabu cha jasusi wake James Bond kinachosimuliwa na mwanamke, Bond mwenyewe anatokea stori imeshakwenda mbali, lawama zikawa nyingi mpaka mwenyewe hakutaka kitolewe tena kwa jalada jepesi, na mwaka uliofuata akarudi kwenye staili yake ya zamani. Hivyo viwili mimi nimevisoma nikiwa najua vinakwenda wapi na sikuboreka hata kidogo, kwa hiyo kusoma mara ya pili ukiwa umeshatua mzigo wa matarajio ni dawa kweli, sio kwa kila kitabu lakini kwa vya namna hii.

Halafu angalia kava vizuri jamani. Kuna mtu aliniambia mwandishi fulani kapotea njia kabisa siku hizi, kumbe anasoma vitabu vya jasusi Jason Bourne vilivyotoka kuanzia 2004. Robert Ludlum mwenyewe alifariki 2001, aliacha vitatu tu vya Bourne, vingine vimeandikwa na watu wengine na jina la marehemu limewekwa kwa maandishi makubwa. Unamlaumu mtu ambaye hata hakushika kalamu.

Kingine ni kwamba mwendelezo wa ujasusi una ugumu ambao wa mapenzi au wa vita hauna. Utamu wa kitabu cha kwanza ulikuwa hujui nani pandikizi, yaani yule wa ndani anayewafanyia kazi maadui kwa siri. Sasa unajua. Mwandishi amebaki na njia chache, alete pandikizi jipya na wewe umeshakuwa mjanja unamshuku kila mtu hadi mpishi, au amfufue mtu tuliyemzika, na hiyo ya kufufua ni chai mara nyingi, labda kama mazishi yenyewe yaliandikwa kwa ujanja toka mwanzo. Kwa hiyo ushauri wangu, kabla ya kuanza sehemu ya pili usirudie cha kwanza chote, soma sura zake mbili za mwisho tu ukumbuke nani yuko wapi. Ukikirudia chote utaanza cha pili ukiwa na ladha ya kile kingine bado mdomoni, na hakuna kitakachofua dafu.

Kuacha katikati ruksa. Mimi nafika nusu halafu najiuliza, hivi nikiambiwa sasa hivi msaliti ni nani, nitajali? Nikijikuta nabuni majina na moyo unadunda kidogo naendelea hata kama lugha imechoka. Nikiona naweza kuambiwa na nikaenda kulala, nafunga.

Ukija kuwaambia wenzako, sema ni wapi palipolegea na ni kwa nini, mfano theluthi ya kwanza ina marudio mengi, au steringi anafanya maamuzi yasiyofanana naye. Usimwage mtama. Na kuna watu wanadhani hawajamwaga mtama wakisema tu "msaliti humtegemei kabisa", ndugu yangu, hapo umeshaharibu, mtu atasoma akimshuku yule anayeonekana mwema kuliko wote na atampata ukurasa wa 40. Kumtumia mwandishi mwenyewe matusi ndo usithubutu, kakuchosha siku tatu tu, hajakuibia ng'ombe.

Mimi cha tatu sitakiagiza mapema. Kikitoka nitatafuta sura ya kwanza niisome bure kwanza, na nitaangalia kitu kidogo tu, jamaa akiingia mgahawani anakaa kiti gani, kinachotazama mlango au kinachoupa mgongo.