Kompyuta: ununue sasa au usubiri toleo jipya?

Yakhe, kabla hujapanda boti kwenda Kariakoo, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager afu fanya kazi zako kama kawaida uangalie nini kinalemewa. Diski ikikaa 100% na prosesa haifiki hata 30 basi hakuna cha kusubiri, toa hadi diski (hard disk, ile ya kuzunguka) weka SSD, diski ya chipu yenye kasi, hata ile ya waya wa kawaida wa SATA tu, na kama ramu ni GB 4 ifikishe 8 au 16, laptopu utaiona yengine kabisa. Ila fungua mfuniko wa chini kwanza, zengine ramu imechomelewa kwenye bodi haiongezeki. Na ukishafungua pangusa feni, kwa vumbi letu hili na chumvi ya bahari mashine inapata joto inajipunguza spidi yenyewe.

Prosesa ikiwa ndo tatizo, hesabu nyengine. Prosesa nyingi za Intel za kizazi cha 7 kurudi nyuma Windows 11 haizitaki, na Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikwisha Oktoba 2025, so usimwage pesa nyingi humo. Mwenye desktopu ya AM4, soketi ya prosesa za AMD, mara nyingi anaweza kutia prosesa ya Ryzen 5000 bodi ile ile, aapdeti tu BIOS kwanza, ile programu ya kuwashia bodi. Ukienda AM5, soketi yao mpya zaidi, ndo bodi mpya na ramu za aina mpya, DDR5.

Kusubiri? Subiri kama tarehe ishatangazwa na kazi yako haijasimama, kwa sababu kipya kikitoka cha nyuma yake mara nyingi hushuka bei. Uvumi achana nao. Ramu lakini zilipanda sana mwisho wa 2025, wenye vituo vya kompyuta za AI (akili bandia) wanazigombania, ukipata ya bei nzuri Darajani ijaribu hapo hapo dukani uchukue.