Maumivu ya kalio yanayoshuka mguuni ukiwa mjamzito, yanatoka wapi na uyapunguzeje

Mama kijacho kama umeshawahi kuinuka usiku kwenda chooni ukahisi kama shoti ya umeme inatoka kwenye kalio moja, inashuka nyuma ya paja mpaka kwenye unyayo, ukabaki umeshika ukuta unaogopa hata kukanyaga, haya nimekuandikia wewe. Mimi ilinikuta mimba ya pili, miezi 7, mguu wa kulia, na kila niliyemwambia alinijibu ndo ujauzito huo vumilia tu. Nikavumilia wiki 3 nzima bure kabisa, maana vya kufanya vipo na vingi havina gharama.

Kinachouma hapo ni neva ya siatika, yaani mshipa wa fahamu, ndo neva nene kuliko zote mwilini, inakaribia unene wa kidole. Inaanzia chini ya uti wa mgongo, inapita ndani ya kalio chini ya msuli mmoja mdogo hivi, alafu inashuka na mguu mpaka chini. Sasa ukiwa na mimba mwili unatoa homoni ya rilaksini inayolegeza kano za nyonga ili mtoto aje apate njia, viungo vikishalegea misuli ya makalio inalazimika kufanya kazi ya ziada kukushikilia, inachoka, inakaza, na ikikaza inaibana hiyo neva. Huku tumbo nalo linakuvuta mbele na kiuno kinabonyea ndani. Ule usemi wa mtoto kalalia mshipa una ukweli kidogo, mwishoni kichwa kikishashuka mgandamizo unaweza kuongezeka, ila mara nyingi tatizo liko kwenye misuli na viungo vya nyonga, na diski ya mgongo, kile kipande laini katikati ya pingili, kuchomoka mahali pake wakati wa ujauzito ni nadra sana.

Kuna kitu wengi tunachanganya. Maumivu yakikaa kwenye vishimo viwili vya juu ya makalio au mbele kwenye mfupa wa kinena, yakazidi ukigeuka kitandani au ukipanda ngazi, na hayavuki goti, hayo mara nyingi ni ya viungo vya nyonga na siyo siatika. Siatika inashuka chini ya goti, inachoma, inaleta ganzi. Bahati nzuri namna ya kujisaidia inafanana kwa sehemu kubwa.

Anza na kulala, hapo ndo nilipata nafuu ya kwanza. Lala ubavu, upande usiouma ndo uwe chini, weka mto katikati ya miguu kuanzia magotini mpaka kwenye vifundo, usiishie magotini tu maana mguu wa juu ukining'inia nyonga inajipinda na neva inavutwa usiku kucha. Kama hauna mito ya kutosha kunja blanketi. Kuanzia wiki 28 kulala ubavu ni muhimu kwa mtoto pia, ukishtuka usiku umelala chali usiogope, geuka tu uendelee na usingizi. Na kuinuka usijivute na tumbo kama zamani. Bana magoti pamoja, jiviringishe mwili mzima kwa mkupuo mmoja, shusha miguu chini ya kitanda huku unajisukuma na mkono, kaa kidogo, ndo usimame.

Mazoezi niliyofanya ni mawili tu. La kwanza, kaa kwenye kiti kigumu, kifundo cha mguu unaouma kiweke juu ya goti la mguu mwingine, mgongo umenyooka, alafu inama mbele taratibu kutokea kiunoni mpaka uhisi kalio linavutika, tumbo lisibanwe, hesabu mpaka 30, rudia mara 3. Kuvutika ni sawa, ila ikipiga shoti mguuni acha hapo hapo. La pili, kaa kama unapiga deki, mikono na magoti chini, pandisha mgongo juu kama paka alafu rudi usawa, usiuache ubonyee. Mara 10 asubuhi, mara 10 jioni, hata ukibaki hivyo dakika chache bila kufanya chochote unasikia mzigo umetoka kiunoni.

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa na taulo weka kwenye kalio dakika 10 hadi 15, yawe ya uvuguvugu tu yasikuunguze, na tumboni usiweke. Kutembea kidogo kidogo kunasaidia kuliko kulala siku nzima.

Kazi za nyumbani ndo zinatumaliza. Kufua umeinama na ndoo ya lita 20, jamani hapana, gawa maji kwenye ndogo mbili, beseni weka juu ya meza au stuli, ukipika kaa kwenye kiti chenye mgongo na siyo kigoda. Usikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Kanga ukiikunja kuwa mkanda mpana ukaifunga chini ya tumbo kuzunguka nyonga inashikilia vizuri, isibane tumbo lenyewe.

Dawa sasa. Mimi duka la dawa nilipewa diklofenaki nikiwa na tumbo linaonekana kabisa! Diklofenaki na ibuprofeni zikae mbali na mjamzito, hasa kuanzia wiki 20, zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na miezi ya mwisho zinaweza kuubana mshipa muhimu wa damu karibu na moyo wake. Hata ya kupaka usijinunulie bila kuuliza kliniki. Panadol ya kawaida ndo inayokubalika, vidonge 2 vya miligramu 500, acha saa 6 ndo urudie, kwa siku chache.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama mkojo au haja kubwa vinakutoka bila kujua au mkojo umegoma, ganzi imekaa sehemu za siri, au mguu umeisha nguvu unaburuzika. Pia kama ni mguu mmoja tu umevimba, una joto na shavu la mguu linauma, hiyo inaweza kuwa damu imeganda. Na kiuno kinachouma kwa kuja na kuondoka huku tumbo linakaza kabla ya wiki 37, au kikiambatana na homa, mkojo unaochoma au damu, usisubiri kesho.

Kama hamna dalili hizo ila wiki 2 zimepita hujapata nafuu, kliniki usiseme tu kiuno kinauma, kila mjamzito anasema hivyo na utaambiwa ni kawaida. Onyesha kwa kidole inapoanzia na inapoishia, sema ni mguu upi, ganzi iko wapi, alafu omba rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Kwangu iliisha wiki ya 5 baada ya kujifungua, na wengi huwaachia hivyo wiki au miezi michache baadaye, ila wakati wa kunyonyesha weka mto nyuma ya kiuno na umpandishe mtoto kifuani, usimwinamie.